Askari Mgonjwa wa Malukhu

Sajenti Bakhit alipoteza lori lake la unga kwa mara nyingine, na kompyuta ikamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba ameshindwa na watu wa kambini watalala njaa kwa sababu yake.

"Umeshuka tena, afande," Ignatius alimwambia kwa adabu. "Kila mgeni anashuka."

Walikuwa Jinja, katika ofisi za shirika la Tayari Kwanza, ghorofa ya juu, madirisha yanatazama mto. Humo ndimo watu wanaokwenda kusaidia wakimbizi na wale waliofukiwa na maporomoko ya mlima Elgon hufundishwa kazi kwa njia ya mchezo. Kwanza wanacheza kwenye kompyuta: unapewa lori, unga, dawa na barabara yenye vizuizi, kisha uamue mwenyewe nani apate na nani akose. Halafu wanapelekwa Mbale, kwenye ua wa ghala la kahawa lililofungwa kule Malukhu, wakacheze mchezo uleule kwa miili yao. Huko wanakuta watu wa kukodi wanaoigiza wakimbizi, majeruhi na askari. Ignatius ndiye msimamizi wa mafunzo na ndiye aliyebuni yote mawili. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, na alivyokuwa akiusifu mchezo wake ungedhani anamsifu ng'ombe wa maziwa.

Bakhit hakuja kujifunza. Jumamosi, mchana kweupe, mmoja wa askari wale wa kuigiza alikufa katikati ya mchezo mbele ya wanafunzi wote. Alikuwa dereva wa malori kutoka Kenya, Joash Ojwang. Gari lake lilikwama Mbale likisubiri gia, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, wakampa gwanda la kijeshi na bunduki ya mbao. Maelezo ya shirika yalikuwa mafupi. Alikuja amelewa, akaanguka, moyo ukasimama. Daktari aliyepokea maiti alisikia harufu ya waragi akakubali. Damu haikupimwa kwa kuwa dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha, basi akafuata pua yake. Afande Mukama, mkuu wa upelelezi, alitaka jalada lifungwe kabla ya Ijumaa.

Aliyelizuia ni mke wa marehemu. Wilkista alivuka mpaka na gari la kuchukua maiti, kisha akakataa kuichukua. Mtu wa shirika alikuwa amempigia simu baba yake Joash kumpa pole, na katika kumpa pole akamwambia kijana alikuwa amelewa. Mzee yule ni mzee wa kanisa. Joash aliapa mbele yake na mbele ya waumini kwamba pombe ameiacha. Mzee akasema mtu aliyemdanganya Mungu kanisani hatachimbiwa kaburi katika boma lake. Tangu hapo Wilkista alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, hali, hasogei.

"Joash hakunywa, afande," alimwambia Bakhit siku ya kwanza. "Mimi ndiye nililala naye, ningejua. Mtoe hilo neno, ndiyo nimpeleke nyumbani."

Kwa hiyo Bakhit alikaa mbele ya kompyuta ya Jinja akapoteza unga.

Kilichomshinda kila mara ni kizuizi kilekile. Lori linafika, askari anatoka njiani, anashika kifua, anaanguka. Chini ya picha yanatokea maneno: Nisaidie, nakufa. Ukishuka kumtazama, wenzake wanatoka vichakani na kubeba unga wote. Bakhit aliona jambo moja zaidi. Kila mtu mwingine ndani ya mchezo ule, hata wakimbizi, alisema Kiingereza. Ni askari peke yake aliyesema Kiswahili. Akauliza kwa nini.

Ignatius alicheka. Akaeleza kwamba inamtia mwanafunzi baridi ya mgongo. Nani hapa Uganda asiyejua kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na walikitumia kufanya nini usiku mlangoni mwa watu?

Bakhit hakucheka. Kwao ni Wanubi wa Nalufenya, papo hapo Jinja, na Kiswahili ndicho alichobembelezewa nacho.

"Na mwanafunzi akicheza mara nyingi?" aliuliza.

"Anajifunza kutoshuka."

"Na kule Malukhu, mtu akiumia kweli?"

Lipo neno la kusimamisha mchezo, Ignatius alisema. Mtu akiita "Ziwa" mara tatu, kila kitu kinasimama hapohapo, hata injini inazimwa. Bakhit akauliza neno hilo linajulikana na nani. Ignatius akajibu linajulikana, akaanza kuzungumzia kamera, ambayo kwa bahati mbaya siku ya kifo ilielekezwa kwenye mahema. Bakhit hakumkatiza. Alingoja amalize, akauliza tena, na kwa mara ya pili akajibiwa kwamba linajulikana.

Alishuka ngazi akapanda gari la Mbale.

Huko alikuwa na mtu wa kumtafuta. Siku ile kwenye kizuizi walisimama askari wawili. Wa pili alikuwa Siraje, mwendesha bodaboda wa Namakwekwe, naye alikimbia kutoka uani na gwanda lake mwilini wakati mchezo unaendelea, akaiacha pikipiki yake ukutani. Tangu siku hiyo hakuonekana kwenye stendi. Afande Mukama alishajenga hadithi juu ya mbio hizo: wawili walikunywa pamoja, mmoja akafa, mwenzake akaogopa. Ilikuwa hadithi nzuri kwa sababu haikumgusa mtu yeyote mwenye ofisi.

Bakhit aliuliza nyumba ya Siraje kwa muuza chapati, akaelekezwa vyumba vya kupanga nyuma ya kinu. Mlangoni alimkuta Mastula, mke wa Siraje, anachambua mchele. Mume wake amesafiri, alisema, amekwenda Soroti kwa mjomba. Bakhit akamshukuru, akaomba maji ya kunawa uso, akazunguka nyuma.

Nguo za nyumba zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, safi. Gwanda la kijeshi halikuwa kwenye kamba. Lilikuwa limetundikwa peke yake nje ya ukuta wa choo, kwenye msumari, mbali na nguo nyingine. Halikuwa limefuliwa. Bakhit alilisogelea kifuani akanusa. Waragi. Akanusa kola, akanusa mikono, akageuza ndani. Harufu ilikuwa kifuani tu na mabegani, kwa nje, na ilishuka chini kwa michirizi. Mtu anayekunywa akamwagikiwa hamwagikiwi mabegani.

"Mama," alimwambia Mastula aliporudi mlangoni, "Soroti ni mbali sana kuacha gwanda chooni."

Mastula akapaza sauti kuelekea chumbani. "Toka, bibi arusi. Wamekuja kukuoa."

Siraje akatoka. Alikuwa mtu mzima, kipande cha mtu, ndevu zimeanza mvi, na alitembea akitazama miguu yake. Mastula alimwambia Bakhit kwamba mwanaume huyu siku hizi hatoki nje, haendi kazini, haendi msikitini, anakaa gizani kama mwali, na yeye amechoka kumpelekea chai kitandani. Bakhit alimpa Siraje kigoda. Kwanza hakumuuliza habari za Joash. Alimuuliza kwa nini nguo ile haikuingia ndani.

"Itaingia vipi, afande?" Siraje alisema. "Ndani naswalia humo."

"Ulikunywa?"

"Mimi? Uliza Waislamu wa hapa wote. Mimi pombe hata ya kuponya jino sijaweka kwa mdomo. Ile walimwaga."

"Nani alimwaga?"

"Yule bwana wa shati la pasi. Mkubwa wao. Alikuja na chupa akasema askari wa kizuizi lazima anuke, wanafunzi wasikie kwa pua. Nikamwambia bwana, mimi Muislamu. Akasema basi toa nguo, kuna watu wengi nje wanataka hii kazi." Siraje alifuta mikono kwenye magoti ingawa haikuwa na kitu. "Nikasimama tu. Akanimwagia kama unamwagia maua. Joash yeye alicheka, akasema afadhali imekaa kwa nje, ikiingia ndani mke wangu ataniua."

Mastula aliacha kuchambua mchele.

Yaliyobaki Siraje aliyasema polepole, na Bakhit hakumharakisha. Waliwasha matairi kizuizini ili uwepo moshi wa vita. Joash akaanza kukohoa. Alikuwa na pumu. Asubuhi alimwonyesha Siraje kidude chake cha kuvuta, lakini walipobadilisha nguo vitu vyote vya mwilini vilichukuliwa, simu, pochi na kile kidude, vikafungiwa kwenye mfuko ofisini. Mwigizaji asiwe na kitu chake, ndiyo kanuni. Joash aliomba abaki nacho. Yule bwana akamwambia askari wa mchezo huu hana pumu.

"Sasa wewe ulikimbia kwa nini?"

Siraje akaeleza siku ile ilivyokuwa. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa kwenye uzio kutazama. Katikati yao alimwona imamu wa msikiti wao, mzee Jibril, amesimama na mwanawe. Upepo ulikuwa unapeleka harufu kule kule. Siraje aliona imamu anakunja uso.

"Nikaona haya, afande. Nikakimbia kwa sababu ya haya. Nyuma nikasikia Joash anaita jina langu. Nikafikiri ananicheka. Ningebaki, mimi nilijua ana kifua. Wengine hawakujua. Mimi nilijua."

Bakhit alimuuliza la mwisho. Neno la kusimamisha mchezo, yeye na Joash waliambiwa lini?

"Neno gani?" Siraje akauliza.

Bakhit aliliondoa gwanda msumarini, akalikunja, akaomba mfuko. Mastula alimpa, kisha akamwambia mume wake aingie ndani akaoge maana afande amemwona tayari, wala haya haijamuua.

Sababu ya harufu ilikuwa imejulikana, lakini Bakhit alijua haitoshi. Afande Mukama angesema pombe ya nje haizuii pombe ya ndani. Alihitaji kujua Joash alikufaje, na waliomwona ni wanafunzi. Hao alikuwa ameshawahoji mmoja mmoja, na hilo ndilo lililomsumbua tangu mwanzo. Walikuwa vijana wenye akili, manesi na walimu, na wote walisema sentensi moja: alianguka, tukaenda kumsaidia, tukakuta tayari amekufa. Hakuna aliyeongeza neno wala kupunguza. Hakuna aliyemtazama usoni akiisema. Watu waliopanga uongo kwa hila huwa wanautofautisha kidogo ili ufanane na kweli. Hawa walikuwa wameishika ile sentensi kama watu walioshika kamba moja mtoni.

Alhamisi asubuhi akawaita wote Malukhu. Akamwambia Ignatius anataka mchezo uchezwe tena, kila mtu mahali pake, kila mtu afanye alichofanya. Ignatius hakuweza kukataa kitu alichokuwa akikisifu kila siku kwamba mwili hukumbuka kuliko mdomo. Alikuja na Afande Mukama, wote katika gari moja, na Mukama alikuwa na chupa ya maji ya shirika mkononi. Hakufurahi kumkuta Wilkista amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya hema. Bakhit alimweleza kwamba mama huyu ameomba kuona mahali mume wake alipofia, na hakuna sheria ya kumkataza.

Bakhit alivaa gwanda la Siraje. Alipita karibu na wanafunzi wakaisikia harufu yake, na baadhi yao walirudi nyuma hatua moja. Akaenda kwenye magogo ya kizuizi, kwenye majivu ya matairi, akasimama.

Gari likaja, milango imeachwa wazi. Mbele alikaa Mahad, kiongozi wa kundi, kijana wa Mbale aliyepata alama nyingi kuliko wote kule Jinja. Kando yake Shamirah, nesi wa zahanati. Wengine nyuma. Bakhit alishika kifua, akapiga magoti, akalala kifudifudi kisha ubavu, akasema yale maneno ya kompyuta.

"Nisaidie, nakufa."

Gari lilisimama. Hakuna aliyeshuka. Kutoka pale chini Bakhit aliona viatu vyao na mikono yao zaidi ya nyuso. Aliona mkono wa Mahad unashika redio, unaipeleka mdomoni, midomo inatembea bila sauti. Aliona mkono unashuka. Halafu akaona kitu ambacho katika maelezo yote hakikuwemo. Mikono ya Shamirah iliinuka kutoka mapajani. Ikakaribiana. Ilipokuwa karibu kugusana akaitazama kama si yake, akaishusha na kuikalia. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa ameingiza ya kwake mifukoni. Mwingine aliificha mgongoni.

Bakhit aliinuka na majivu shavuni. Akaenda mpaka mlango wa gari.

"Shamirah. Hiyo mikono ilikuwa inafanya nini?"

Shamirah akaikalia zaidi.

"Nimelala kwenye majivu, dada. Niambie."

"Makofi, afande," Shamirah alisema.

Kutoka barabara kuu zilisikika gia za malori. Afande Mukama alisema kitu kuhusu jua kuwa kali. Bakhit hakugeuka.

Shamirah aliongea akitazama dashibodi. Alisema yule Mkenya alifanya vizuri kuliko yule wa kompyuta. Alibadilika rangi ya midomo, alikwaruza ardhi, alikokota maneno. Wao wakaambizana jamaa anajua kazi. Mwanzoni walicheka. Halafu mmoja akapiga makofi, wote wakapiga.

"Yeye alikuwa anasemaje?" Bakhit akauliza.

"Alisema, sichezi. Alisema hivyo tu. Jamani sichezi."

"Na wewe ni nesi."

"Mimi ni nesi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikubadilika. "Afande, kwetu mtu wa gwanda akisema Kiswahili, tangu wadogo unajua ni kukimbia au kulala chini. Na kule Jinja wametuchezesha huyo askari mpaka tukachoka, kila siku anaumwa, kila siku ni mwongo. Mimi sikumsikia kama mtu anaomba. Nilimsikia kama askari. Alipotulia ndiyo nikashuka. Nilishuka kumpa mkono wa hongera."

Wilkista alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alikuja hadi kwenye magogo akamtazama Shamirah, kisha akatazama mahali pa majivu.

"Mlimpigia makofi," alisema. Hakuwa anauliza.

Bakhit aligeukia upande wa pili wa gari. "Mahad. Wewe ulishika redio."

Mahad aligusa usukani. Alisema ndiyo, aliuliza. Yeye peke yake alishuku, kwa sababu ya ile midomo. Akaita hema la usimamizi, akauliza huyu ni mchezo au kweli.

"Ukajibiwa nini?"

Mahad alimtazama Ignatius, na Ignatius akatazama mto ambao haukuwepo pale Mbale. "Nikajibiwa, msishuke, yuko vizuri huyo, endeleeni. Wageni wanatazama."

"Wageni gani?"

Wafadhili, Mahad alisema. Walikuwa hemani na chai.

"Na wewe ulijua neno la kusimamisha."

"Nilijua. Lakini ukilisema bure, kundi zima linapoteza alama zote. Nikaona mkubwa amesema, mkubwa anajua."

Sasa Ignatius aliongea, na aliongea vizuri, kwa sauti ya semina. Neno lile liliwahi kufundishwa kwa waigizaji pia, mafunzo ya kwanza kabisa. Waigizaji wakalichezea. Kila jua likiwaka mtu anasema Ziwa apate kukaa kivulini na soda. Mchezo ulikatika kila wakati. Basi ikabidi waigizaji waondolewe neno, na wanafunzi wawekewe adhabu wasilitumie ovyo. Ni mambo ya kawaida katika uendeshaji. Kuhusu kinywaji, ni sehemu ya uhalisia. Kuhusu dawa ya pumu, vitu binafsi ni kanuni. Alizipitia moja moja na kila moja ilikuwa na sababu yake. Ndivyo walivyo wakubwa. Mtu amelala kwenye friji, wao wana sababu.

"Ni wewe uliyempigia baba yake ukasema amelewa?" Bakhit akauliza.

"Alikuwa ananuka pombe."

"Uliyommwagia."

Ignatius alifunga kifungo cha mkono ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Afande Mukama akamwita Bakhit pembeni, nyuma ya gari lao. Aliongea kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutaka siku ipite. Alisema kazi imefanyika vizuri. Neno la ulevi litolewe, iandikwe pumu, mjane apate anachotaka, maiti iondoke leo. Haya mengine ya makofi na ya redio yatamsaidia nani? Ni watoto wa watu, wataacha kazi, watajinyonga. Shirika litafungwa, na mvua zikija mlimani nani atakwenda kufukua watu? Na mjane mwenyewe, anataka akaishi na hayo? Mwache aende na pumu.

Bakhit alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye magogo na kumwambia Wilkista maneno yote ya mkuu wake, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, bila kuacha hata lile la kujinyonga. Mukama alibaki nyuma ya gari na chupa yake.

Wilkista alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi mpaka usingizi ukamkatia tamaa.

"Pumu muandike, ni kweli, nashukuru," alisema. "Na hayo mengine pia muandike, kwa sababu pia ni kweli. Lakini baba mkwe hatasoma karatasi ya polisi ya Uganda. Yeye alisikia kwa simu. Atasikia tena kwa simu, kutoka kwa aliyesema."

Akatoa simu kifuani, akabonyeza jina, akafungua spika. Ikaanza kuita. Alimnyooshea Ignatius.

Ignatius alimtafuta Afande Mukama kwa macho. Mukama alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya maji.

"Pokea, bwana," Bakhit alisema.

Akapokea. Upande wa pili palisikika kuku na mtu anakohoa.

"Habari ya huko, mzee. Hapa ni Ignatius, wa shirika."

"Ni wewe uliniambia kijana wangu amekufa mlevi."

"Ndiyo, mzee. Nilikosea. Hakuwa amelewa. Ile pombe ilikuwa kwa nguo, ya mchezo. Sisi tulimmwagia."

Wanafunzi walikuwa wameshuka garini mmoja mmoja, wamesimama na mikono imening'inia, kila mmoja hajui aiweke wapi.

"Hakunywa," mzee alisema.

"Hakunywa."

"Basi alikufa kwa nini?"

"Pumu, mzee. Moshi ulimzidi."

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa hapo."

"Wote?"

"Wote. Tulidhani anaigiza."

"Yeye hakusema?"

Ignatius aliishika simu kwa mikono miwili. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Bakhit alisimama karibu naye na gwanda linalonuka, hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Alisema, mzee," Ignatius alijibu. "Alituambia."

Kuku waliendelea. Halafu mzee akavuta kamasi, na sauti yake ikatoka kavu, ya mtu anayepanga kazi ya siku.

"Ngoja hapo. Usikate. Mama yake yuko jikoni. Namwita, umwambie na yeye."

Wakamsikia anakwenda akiita jina la mkewe. Ignatius alinyoosha mkono kumrudishia Wilkista simu yake. Wilkista aliitazama, akaweka mikono yake nyuma. Ndani ya simu mlango ulifunguliwa, na nyayo za mwanamke zikaanza kusogea.